Kitabu cha Kumshikisha Mheshimiwa

Juzi binti wa jirani yangu hapa Nkuhungu, aliyepata udiwani wa viti maalumu, alinitumia picha kwenye simu. Vitabu vitatu vimepangwa juu ya shuka: cheusi, chekundu, na cheupe chenye maua ya dhahabu ubavuni. Chini kaandika, "Shikamoo bibi. Kipi kitakaa vizuri na gauni la bluu?"

Nikamjibu marahaba, chukua cheupe. Kisha nikaona aibu. Mimi niliyekula mshahara wa serikali zaidi ya miaka thelathini kwa kazi ya kuwashikisha watu vitabu vya kuapia, nimeulizwa swali la kazi yangu nikajibu kama fundi cherehani. Ndiyo maana naandika haya, kwa ajili yake na nyie wengine, mlioapishwa jana na mtakaoapishwa kesho, na nyie makarani mnaowabebea vitabu. Someni polepole. Bibi yenu hana haraka tena, kastaafu.

Nilikuwa karani wa mahakama. Diwani akishachaguliwa hawezi kukalia kiti mpaka aape mbele ya hakimu, na mwenyekiti wa kijiji vilevile. Hakimu hufika ukumbini na joho lake. Karani hufika na begi. Ndani ya begi langu kulikuwa na vitabu viwili vitakatifu, ambavyo ofisini tuliviita cha kanisani na cha msikitini, basi, kila mtu akaelewa. Kulikuwa na karatasi za kiapo, rejista, muhuri, kidau cha wino, na taulo. Taulo ni la jasho. Hamtaamini jinsi viganja vya waheshimiwa vinavyolowa siku ya kuapa. Mtu kapiga kampeni miezi, kasimama juu ya gari kaahidi barabara, zahanati na mvua, hajatoa jasho. Mpe kitabu ashike, anatiririka kama mtungi unaovuja. Bwana Ndahani alikuwa akisema hao msiwaogope. Muogopeni mwenye kiganja kikavu.

Huyu Bwana Ndahani alikuwa karani mkuu, ndiye aliyenipokea kazini nikiwa msichana. Mtu mfupi, miwani imefungwa uzi mweusi kwenye sikio moja, hasemi mara mbili. Siku ya kwanza alinifundisha mambo matatu. Kitabu mpe mtu kwa mkono wa kulia, usimrushie kama sabuni. Kitabu usikiweke chini, hata begi likukate bega. Na kabla hujampa mtu yeyote, kifungue.

La kwanza nililishika. La pili nikalisahau, na la tatu nikaliona la kizee.

Msimu mmoja wa mvua niliacha begi kwenye sakafu ya stoo wiki kadhaa. Likaja jambo la kuapisha wenyeviti wanne wa vijiji upande wa Hombolo, waliochaguliwa kujaza nafasi. Nikabeba begi, tukaenda. Watatu wakakishika cha kanisani, wakaapa. Wa nne, mwanaume wa miraba minne, alipokishika hichohicho akakipima mkononi, akaniangalia.

"Mama karani, mbona chepesi hivi?"

Nikamwambia, "Neno la Mungu halina kilo, mwenyekiti. Apa."

Akaapa. Tuliporudi ofisini Bwana Ndahani akakifungua. Jalada lilikuwa zima kabisa, jeusi linang'aa. Ndani mchwa walikuwa wamemaliza kila kitu. Kurasa hazipo, kuna vijia vya udongo mwekundu na vumbi lililomwagika mezani.

Akavua miwani. "Tangu lini watu wazima wakaapa kwa kichuguu?"

Nililia. Nilidhani atanificha, maana alinipenda kama mwanawe. Hakunificha. Alinishika mkono mpaka kwa hakimu, akaniambia, "Sema mwenyewe." Nikasema. Hakimu wa wakati ule, mzee mwenye huruma, akasema kiapo kiko mdomoni kwa mtu, hakiko kwenye karatasi, kwa hiyo kimesimama. Lakini waitwe waambiwe, na anayetaka kurudia arudie. Wawili wakaja wakarudia. Wa tatu akatuma salamu kwamba mambo kijijini yanaenda vizuri, asisumbuliwe. Yule wa miraba minne alisema alijua tangu aliposhika, ila aliogopa kuwachelewesha watu kula.

Basi nikajifunza kufungua. Nikajifunza pia kwamba ukimtazama mtu anavyokishika kitabu, utajua alichokujia. Alikuwepo mfanyabiashara wa vyombo pale mjini, mzee wa Kihindi, aliitwa kuwa mzee wa baraza mahakamani kwetu. Akaja na kitabu chake cha kwao kimefungwa kitambaa chekundu. Akavua viatu. Akakifungua, akasoma karibu nusu ukurasa midomo ikicheza, sisi wote tumesimama tunamsubiri, mshitakiwa naye anasubiri. Alipomaliza akafunga, ndipo akaapa. Bwana Ndahani akaninong'oneza, "Miaka yangu yote, huyo ndiye wa kwanza kumwona anaangalia ndani."

Baada ya Bwana Ndahani kustaafu mambo yakabadilika. Zamani watu waliapa kwa kitabu cha ofisi, kila mmoja anapokea kimelowa jasho la mwenzake. Baadaye kila mheshimiwa akataka kuja na chake, kwa sababu ya picha. Na picha zikawa nyingi, kila mheshimiwa na mpiga picha wake, ukumbi ukageuka harusi. Ukimpa mtu kitabu cha ofisi anaona umemvunjia heshima.

Kijana mmoja alikuja na simu. Alisema kitabu kizima kimo humo, tena na sauti. Nikamtazama hakimu, hakimu akasema sheria haikatazi karatasi iwe ya kioo. Kijana akaweka kiganja juu ya kioo, akainua mkono wa kulia, akaanza. Alipofika kwenye kutenda haki bila upendeleo, kiganja kikagusa mahali, simu ikaanza kuongea kwa sauti ya mwanaume mwingine: "Mheshimiwa, yule mtu wa kiwanja nimekaa naye hapa. Ukishamaliza hayo maapizo yenu njoo upesi, na usimwambie mwenzako." Ukumbi mzima ulisikia. Kijana akabonyeza huku na huku, sauti ikaanza upya tangu "Mheshimiwa." Tangu siku hiyo nilitembea na vitabu vya ziada.

Lakini hayo ni ya kuchekesha tu. Ninayotaka mwelewe ni ya siku moja, kwenye halmashauri moja ya huku kwetu kanda ya kati ambayo jina naliacha, maana wahusika wengine bado wanakula pensheni kama mimi.

Madiwani walikuwa wanaapa asubuhi, na wakishaapa wanamchagua mwenyekiti wa halmashauri papo hapo. Asiyeapa hapigi kura. Wagombea uenyekiti walikuwa wawili, na kura zilihesabiwa vichwani mwa watu tangu wiki iliyopita: nusu huku, nusu kule, na mmoja katikati ambaye hakuna aliyejua moyo wake. Mmoja wa wagombea alikuwa Mheshimiwa Masinga, mkandarasi wa barabara, mtu wa tabasamu. Huyu alikuwa amesikia kwamba mpinzani wake atakuja na kitabu kikubwa alichorithi kwa babu yake katekista. Hakulala. Akaenda Kizota kwa fundi anayeshona viti vya magari, naye akakitengenezea kitabu chake jalada la ngozi ya kubuni, rangi ya damu ya mzee, na sponji ndani ili kinenepe. Zipu pande tatu, na kwenye zipu kufuli dogo la shaba. Jina lake kwa herufi za dhahabu. Jina la kitabu hapakubaki nafasi ya kuliandika.

Alipoitwa akakibeba kwa mikono miwili kama anabeba keki. Wapiga picha wakasogea. Hakimu, kijana kutoka kanda ya ziwa aliyekuwa na miezi michache tu kwetu, akamwambia kwa upole, "Mheshimiwa, kifungue kwanza."

Masinga akapapasa mfuko wa koti. Akapapasa wa suruali. Akacheka. "Ufunguo umebaki nyumbani, mheshimiwa. Lakini kimo, kimo."

Hakimu akamtazama mkurugenzi wa halmashauri. Mkurugenzi akatazama saa, maana pilau ilikuwa imeiva na harufu imeshaingia ukumbini. Hakimu akasema endelea. Na mimi niliyefundishwa kufungua kila kitabu nikanyamaza. Masinga akaapa juu ya kitabu kilichofungwa kufuli, akapigiwa makofi.

Baada ya wachache nikaita jina la Mzee Chilewa.

Huyu ndiye yule mmoja wa katikati. Alitoka kata ya mbali, kupita Hombolo huko, mfugaji, mrefu, mkavu, suti ya kuazima mikono imeishia juu ya vifundo. Watu wa kwao walimchagua kwa sababu alikuwa amewapatanisha wakulima na wafugaji miaka mitatu bila mtu kupigwa fimbo. Kanisani hasali, msikitini haswali. Alikuwa wa dini ya wazee wake, na hakulificha hilo wala hakulitangaza.

Nikasogea na vitabu vyangu viwili. "Shikamoo baba. Unaapa kwa kipi?"

"Marahaba, mwanangu." Akaviangalia vyote viwili. Kisha akaangalia kile cha Masinga pale mezani. "Kile kimefungwa kufuli la nini? Kinauma?"

Watu wakacheka. Masinga naye akacheka, kidogo.

"Ni pambo tu, baba. Chagua hapa."

Akanyoosha kidole kwenye cha kanisani, hakukigusa. "Hiki kinasema nini?"

"Kinasema mengi, baba."

"Wewe umekisoma chote?"

Jamani, ningesema nini? Ukumbi mzima, hakimu, mkurugenzi. Na mimi mwenyewe mama wa kwaya. "Hapana, baba. Sijamaliza."

"Hawa walioshika, wamekisoma?"

"Hilo sijui."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa na dharau hata kidogo. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchagua neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Mtu anaapa kwa kitu anachokiogopa. Mimi hiki sikiogopi, kwa sababu sikijui. Nikikishika nitakuwa nawadanganya nyie, na mwenye kitabu pia."

Mkurugenzi akainama upande wangu akanong'ona, "Mama, mpe chochote ashike tumalize." Na Mheshimiwa Masinga, ambaye alikuwa amepiga hesabu yake haraka kuliko sisi sote, akasimama.

"Mheshimiwa Hakimu, naheshimu sana wazee. Lakini mtu asiye na kitabu hawezi kuapa, na asiyeapa si diwani. Tuendelee na uchaguzi. Mzee atakuja siku nyingine."

Upande wake wakapiga meza. Upande wa pili wakapiga kelele. Hakimu kijana akafungua kanuni zake, akazifunga, akafungua tena ukurasa uleule. Nikaona hajui. Mimi nilijua. Bwana Ndahani alinisomesha hilo kwa kidole, mstari kwa mstari: asiye na kitabu haapi, anathibitisha kwa maneno, na uthibitisho una nguvu sawasawa na kiapo. Lakini mimi nilikuwa karani wa kubeba begi. Karani haongei ukumbini mpaka aulizwe. Na Masinga alikuwa mtu ambaye barabara ya kwenda kwetu ilimsubiri yeye.

Nikasogea mpaka kwa hakimu, nikasema, nilidhani nanong'ona, kumbe kipaza sauti kipo wazi: "Mheshimiwa, sheria inamruhusu athibitishe bila kitabu. Fomu yake ninayo kwenye begi."

Ikatoka kwenye spika zote nne.

Hakimu akashusha pumzi. "Fomu iko wapi, mama?" Nikaitoa, ilikuwa na alama ya mkunjo, maana nilikuwa nimeibeba miaka bila mtu kuiomba. Masinga akapita karibu yangu kurudi kitini akaniambia bila kufungua meno, "Mama, wewe unapenda sana sheria. Nitakukumbuka." Nikavuta taulo. Siku hiyo mwenye jasho nilikuwa mimi.

Mnadhani ikaisha? Mzee Chilewa akaitazama ile fomu. "Sasa hii inasema nini?"

"Inasema utafanya kazi kwa haki, baba."

"Inasema hayo tu? Mbona ndefu? Niambie kwa Kigogo, yote."

Hakimu akanikubalia kwa kichwa. Nikaanza kutafsiri, mstari kwa mstari, kwa sauti. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwa nimeliona miaka yote ya kazi. Kiswahili cha ofisini kina blanketi. Unasema "kutotanguliza maslahi binafsi," neno linapita juu ya vichwa kama ndege wa juu sana, hakuna anayeinama. Kigogo hakina blanketi hilo. Ilibidi niseme kama tunavyosema nyumbani: sitakula peke yangu kilicho cha watu. Pale kwenye kutumia cheo kwa upendeleo ikabidi niseme: sitampa ndugu yangu kwa kumnyima jirani. Karibu ukumbi mzima ulikuwa Wagogo. Mtu akakohoa. Kutoka nyuma diwani mmoja mnene akasema kwa sauti ya kushtuka kweli, "Hivyo ndivyo tulivyoapa?"

"Ndivyo, mheshimiwa."

"Mbona hukutuambia?"

"Mlisoma wenyewe, mheshimiwa. Nami nilikushikia karatasi."

Nikaendelea. Tulipofika kwenye kutotoa siri za halmashauri mzee akainua mkono.

"Hapo ngoja. Wamenituma watu. Nikirudi wataniuliza kisima kimepangwa wapi. Nitawaambia ni siri?"

Mkurugenzi akasema, "Mzee, apa tu, hayo utaelekezwa kwenye semina."

"Siapi tu," akasema Mzee Chilewa.

Hapo yule hakimu kijana akafanya jambo lililonifanya nimpende mpaka leo. Aliweka kalamu chini akamweleza kama anavyomweleza baba yake: siri ni ugonjwa wa mtu, ni shauri la mtu ambalo halijaamuliwa. Kisima si siri. Barabara si siri. Mzee akauliza kama hayo yanaweza kuandikwa kwenye fomu. Hakimu akasema fomu haibadilishwi, lakini akaandika kwenye kumbukumbu kwamba muapaji ameuliza na ameelezwa hivyo.

"Na unaogopa nini, mzee?" hakimu akamuuliza, nadhani kwa udadisi wake mwenyewe. "Umesema mtu anaapa kwa anachokiogopa."

"Naogopa watu wa kule kwangu. Wananijua mpaka majina ya ng'ombe wangu."

Akasimama kuthibitisha. Mpiga picha akalalamika, "Mzee, shika hata kitu basi, picha haitapendeza."

"Nishike nini? Mikono ni mitupu. Iache waione." Akanyoosha viganja vyote viwili mbele yake, akarudia maneno yote kwa Kigogo, kisha kwa Kiswahili nikimtangulia. Ilichukua muda mrefu kuliko watu kumi waliomtangulia. Pilau ilipoa.

Sasa msitegemee kwamba watu walitubu. Hii ni halmashauri. Uchaguzi ulipigwa, Mzee Chilewa akampigia kura mpinzani wa Masinga na akasema wazi kwamba amempigia. Masinga akashinda hata hivyo. Wawili wa upande wa pili, walioapa asubuhi hiyohiyo, mioyo ilibadilika wakati wa mapumziko ya chai, Mungu ndiye anajua kwa nini. Masinga alitoa hotuba kuhusu uadilifu. Kuhusu kunikumbuka, alinikumbuka kweli: aliandika barua kwa wakubwa wangu kulalamika karani ameingilia shughuli. Niliitwa nijieleze. Nikajieleza kwa ukurasa mmoja na kuambatisha kile kifungu cha sheria, na yule hakimu akaandika chini yake kwamba karani alimwokoa asikosee. Mambo yakaishia hapo, ila kwa mwezi mzima sikulala vizuri, na mume wangu alinibembeleza niombe likizo.

Jioni ya ile siku ya kuapa, tunafunga begi, Mzee Chilewa alinifuata akaniomba ile karatasi. Nikamwambia ya asili inabaki mahakamani. Nikamtolea nakala. Aliikunja mara nne, akaiweka mfuko wa ndani wa suti ya kuazima. Nikafikiri suti itarudi kwa mwenyewe na karatasi itarudi nayo.

Miaka ya udiwani wao ikapita. Kuna barabara iliyojengwa Masinga akiwa mwenyekiti na shemeji yake akiwa mkandarasi; mvua mbili ziliiondoa. Nikabakiza miezi michache nistaafu.

Asubuhi moja nikiwa masjala nikasikia mtu mlangoni akisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Nikaitikia, nikainua kichwa, ni Mzee Chilewa. Mwembamba zaidi, anaegemea fimbo, shati limefuliwa. Nikampa kiti na maji.

"Nimekuja kurudisha," akasema.

"Kurudisha nini, baba?"

"Kiapo chenu. Muda umeisha. Sikugombea tena, magoti hayataki." Akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake kitambaa, ndani ya kitambaa ile nakala, imechakaa kwenye mikunjo, imebandikwa gundi ya karatasi mahali pawili. Mkwe wake, mke wa mwanawe, alikuwa akimsomea kabla ya kila kikao. Akaitandaza mezani kwangu.

"Sasa angalieni wenyewe kama nimevunja. Hapa," akaweka kidole, "nilikanyaga mara moja. Kisima cha pili nilikivutia upande wa kijiji cha mke wangu mdogo. Alinisumbua sana. Walikuwa na shida kweli, lakini wengine walikuwa na shida zaidi. Niliwaambia kwenye mkutano, wakanikasirikia, wakanisamehe. Na hapa, kuhudhuria vikao. Nilihudhuria vyote, ila kimoja nililala. Bajeti ilikuwa ndefu. Hayo ndiyo ninayoyajua. Kama kuna mengine nambie."

Nikaingia kwa hakimu. Yule kijana alikuwa ameshahamishwa, sasa alikuwepo mama mmoja mkali, hapendi kusumbuliwa asubuhi.

"Mheshimiwa, kuna mtu amekuja kurudisha kiapo."

"Anajiuzulu?"

"Hapana. Amekimaliza."

Akafunga faili alilokuwa anasoma. "Utaratibu unasemaje?"

"Hausemi kitu, mheshimiwa. Haijawahi kutokea."

Akainuka, akaja mwenyewe mpaka masjala. Akamwamkia mzee shikamoo, akasoma ile karatasi iliyobandikwa gundi, akasikiliza habari ya kisima tangu mwanzo. Alipomaliza akaniambia, "Ipokee."

Nikachukua muhuri wa IMEPOKELEWA, nikaupiga chini kabisa, tarehe na saini yangu. Mzee akataka na yeye apate karatasi ya kuonyesha kwamba amerudisha, asije akaulizwa baadaye. Nikamwandikia. Akauangalia muhuri wake, akaridhika, akainuka kuwahi basi.

Nilipobaki peke yangu nikajiuliza nakala ile niiweke wapi. Rafu nzima ilikuwa ya viapo vilivyotolewa, mafaili mpaka kwenye dari, nilivipokea vyote kwa mkono huu. Nikachukua jalada jipya, nikaandika juu yake kwa herufi kubwa: VIAPO VILIVYORUDISHWA.

Siku ya kukabidhi ofisi, kwenye orodha nililiandika hivi: faili moja, karatasi moja. Liko rafu ya chini, upande wa dirishani. Nafasi bado ipo.